Majina manane yaliyojaza kumbi za Hispania

*Mwaka 2014 filamu za Hispania ziliingiza nyumbani kwao fedha ambazo hazikuwahi kuonekana tangu sinema ianze katika nchi hiyo. Karibu nusu yake ililetwa na filamu moja ya kuchekesha. Wapo walioiita neema, wapo walioona hatari.*

Rafa ni kijana wa Sevilla ambaye tangu azaliwe hajawahi kutoka Andalusia. Sasa ameketi mezani, kaskazini kabisa mwa nchi, akijifanya mtu mwingine. Amempenda binti wa Kibaski aitwaye Amaia, akamfuata hadi kwao, na huko akaingizwa katika uongo mkubwa. Mchumba halisi wa binti amekwisha kumwacha, baba yake amerudi kutoka baharini, naye Rafa ndiye anayesimama mahali pa mchumba.

Mbele yake yuko huyo baba, Koldo, mvuvi mwenye sauti nzito na asiyewazoea wageni upesi. Mzee anataka jambo moja tu: mkwe mtarajiwa amtajie majina yake manane ya ukoo, na yote yawe ya Kibaski.

Kijana anaanza kuokoteza. Anataja jina la kipa wa zamani wa timu ya taifa, la mpishi wa kwenye televisheni, la mtangazaji, la mwanasiasa. Kila Mbaski aliyewahi kumsikia anageuka kuwa babu yake. La nane linamkwama. Linalomtoka mwishowe ni Clemente, jina lisilo na harufu yoyote ya Kibaski, ila kocha maarufu wa mpira mwenye jina hilo alizaliwa huko.

Hapo ndipo kumbi za sinema zilipokuwa zikivunjika mbavu, kutoka Bilbao hadi Cádiz.

Kwa Mhispania swali la mzee lina uzito. Kila mtu kule hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Ukitaka manane, umerudi hadi kwa wazazi wa babu na bibi, pande zote. Kwetu mzee angeuliza: wewe bin nani, bin nani, na mama yako ni wa ukoo gani? Anachotaka kujua ni kama damu imechanganyika.

Filamu hiyo, *Ocho apellidos vascos*, yaani majina manane ya ukoo ya Kibaski, iliingia kumbini tarehe 14 Machi 2014. Mwongozaji alikuwa Emilio Martínez-Lázaro, na waigizaji wakuu Dani Rovira, Clara Lago, Karra Elejalde na Carmen Machi. Iligharimu takriban euro milioni 3, kiasi ambacho kwa sinema ya Ulaya ni cha kawaida tu. Hadi mwaka unakwisha ilikuwa imekata tiketi zaidi ya milioni 9 katika nchi ya watu wapatao milioni 46, na kuingiza zaidi ya euro milioni 55.

Katika historia ya kumbi za Hispania ni *Avatar* peke yake iliyokuwa imeingiza zaidi. Rekodi ya filamu ya nyumbani ilikuwa ikishikiliwa na *Lo imposible* ya J. A. Bayona ya mwaka 2012, iliyokuwa na takriban milioni 42. Lakini hiyo ilichezwa kwa Kiingereza, na nyota wake walikuwa Naomi Watts na Ewan McGregor. Ile ya Rafa haikuwa na nyota wa kimataifa wa namna hiyo.

> Tiketi milioni 9 katika nchi ya watu milioni 46, kwa filamu iliyogharimu takriban euro milioni 3

Tiketi na karoti

Ili kuelewa kwa nini mwaka ule ulishangiliwa kama mvua baada ya ukame, lazima turudi nyuma kidogo.

Mwaka 2004 kumbi za Hispania zilikata tiketi karibu milioni 144. Mwaka 2013 zilikuwa hazifiki milioni 80. Katika muda usiofika miaka kumi, karibu nusu ya wateja walikuwa wameondoka. Madrid, katika barabara ya Gran Vía iliyokuwa na majumba ya sinema mfululizo, mengine yalikuwa yamefungwa au kugeuzwa maduka ya nguo. Watu walipakua filamu kwenye intaneti bila kulipa senti. Na mgogoro wa uchumi ulikuwa umewakaba: karibu mtu mmoja kati ya wanne katika nguvukazi hakuwa na ajira.

Katikati ya hali hiyo, serikali ya Mariano Rajoy ilipandisha Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye tiketi za sinema na maonyesho kutoka asilimia 8 hadi 21. Ilianza kutozwa tarehe 1 Septemba 2012.

Chukua tiketi ya euro 8. Chini ya kiwango cha zamani, senti 59 zilikwenda serikalini. Chini ya kiwango kipya, ilikuwa euro 1 na senti 39. Kinachobaki baada ya kodi hugawanywa takriban nusu kwa nusu kati ya mwenye ukumbi na msambazaji, na mtayarishaji wa filamu hungoja nyuma ya msambazaji. Mwenye ukumbi akipandisha bei, mteja anabaki nyumbani. Asipopandisha, kodi inalipwa kutoka mfukoni mwake, naye ana mishahara na umeme wa kulipia.

Hapo jirani, Ufaransa ilikuwa ikielekea upande mwingine. Kuanzia Januari 2014 ilishusha kodi ya tiketi ya sinema hadi asilimia 5.5. Italia ilitoza 10, Ureno 13. Mhispania anayeishi mpakani angeweza kuvuka kilima na kutazama filamu ileile, kodi ikiwa robo ya ile ya kwao.

Ghadhabu ilipata alama yake mahali pasipotarajiwa. Bescanó ni mji mdogo karibu na Girona, Katalunya, wenye ukumbi wake wa maigizo. Mwaka 2012 ukumbi huo ulitangaza kwamba hauuzi tena tiketi, unauza karoti. Karoti moja, euro 13. Aliyeinunua aliingia kutazama mchezo bure. Sheria ilihesabu mboga kuwa chakula cha lazima, kinachotozwa asilimia 4 tu. Wahasibu wa serikali wangeweza kubishana na wasanii mwaka mzima, lakini karoti ile ilikuwa imekwisha kusema lililo kweli: katika nchi ya Cervantes, mboga ilikuwa inathaminiwa kuliko mchezo wa jukwaani.

Waziri na mashtaka yake

Ugomvi wa serikali na watu wa filamu haukuanzia kwenye kodi. Februari 2003, usiku wa tuzo za Goya, tuzo kuu za sinema ya Hispania, wasanii walipanda jukwaani wamebandika vifuani maneno ya kupinga vita vya Iraki, ambavyo serikali ya José María Aznar iliviunga mkono. Tangu siku hiyo, kwa sehemu ya Wahispania, msanii wa filamu alikuwa mtu wa kuishi kwa ruzuku na kuwatukana wanaomlipa.

Oktoba 2013 waziri wa fedha, Cristóbal Montoro, alifufua kidonda hicho. Alisema matatizo ya sinema hayahusu ruzuku peke yake, yanahusu pia ubora wa filamu zenyewe. Februari 2014 waziri mwenzake wa utamaduni, José Ignacio Wert, hakuonekana kwenye sherehe za Goya, na kiti chake kitupu kilizungumziwa kuliko filamu zilizoshinda.

Hoja ya Montoro ilikuwa na wafuasi, na haifai kuipuuza. Mwaka 2013 filamu za Hispania zilipata karibu asilimia 14 tu ya fedha ya tiketi nchini mwao. Wapo waliochukua familia zao wakaenda kutazama za Marekani, na walipoulizwa walijibu kwamba za kwao ni za huzuni, zinazungumzia vita vya wenyewe kwa wenyewe, zinachosha. Mwenye duka akikosa wateja, si ajabu akaulizwa anauza nini.

Tatizo la hoja hiyo ni kwamba ilisemwa miezi mitano kabla ya Machi 2014.

Utani msibani

Waliomtungia Rafa maneno yake ni Borja Cobeaga na Diego San José, waandishi wawili waliokomaa katika kituo cha televisheni cha Nchi ya Wabaski, kwenye kipindi cha vichekesho kiitwacho *Vaya semanita*. Kipindi hicho kilikuwa kikifanya jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani. Kilikuwa kikichekesha juu ya siasa za Wabaski wakati ETA ingali inaua.

ETA, kundi lililopigania uhuru wa Nchi ya Wabaski kwa bunduki na mabomu, liliua watu zaidi ya 800 tangu mwaka 1968. Tarehe 20 Oktoba 2011 lilitangaza kwamba limeacha silaha moja kwa moja. Kutoka siku hiyo hadi filamu ilipotoka, haikufika miaka miwili na nusu.

Ndani ya miaka hiyo michache, Hispania ilikuwa nchi iliyonyamaza ghafla baada ya kelele ya miaka arobaini, isiyojua izungumze nini. Msiba ulikuwa umekwisha bila matanga. Mtu wa kusini aliyekuwa akiogopa kutaja Nchi ya Wabaski kwa sauti alikuwa bado anaogopa, ingawa sababu ilikuwa imeondoka. Na Mbaski aliyechoka kutazamwa kama mshukiwa kila alipovuka kwenda Madrid alikuwa bado amechoka.

Sisi tunalo neno kwa dawa ya hali hiyo: utani. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana, Mngoni akataniwa na aliyewahi kupigana naye. Mtani ana ruhusa ya kuja msibani na kumsema maiti, na waliofiwa wakacheka machozi yangali yanawatoka. Wazee waliojenga desturi hiyo walijua kwamba watu waliowahi kuumizana hawawezi kukaa pamoja mpaka wapate njia halali ya kusemana.

Ndicho Cobeaga na San José walichowapa wenzao. Katika filamu yao Mwandalusia ni mvivu, mpenda sherehe, mwenye mdomo mwingi, anayepaka nywele mafuta. Mbaski ni mkali, mla nyama, mtu asiyekumbatia mtu. Rafa anafika mahali anaongoza maandamano ya wapigania uhuru, akipiga kelele kwa lugha asiyoijua, huku umati ukimwitikia. Miaka mitano kabla yake, tukio lile lingefanya ukumbi uwe kimya.

> Mtani ana ruhusa ya kuja msibani na kumsema maiti

Si wote waliocheka. Wapo waliouliza kama si mapema mno, katika nchi ambayo wajane wa waliouawa bado wanakutana sokoni na jamaa za wauaji. Wapo wahakiki waliosema filamu ni mkusanyiko wa dhana za zamani zilizopakwa rangi mpya, kwamba Wabaski wa kweli na Waandalusia wa kweli hawamo. Hoja ya kwanza naiheshimu, na sina jibu la kumpa mjane. Ya pili inasahau utani ni nini. Hakuna Mzaramo anayedhani Mnyamwezi ni kweli kama anavyomsema.

Jambo la kutazamwa ni wapi filamu ilikotazamwa. Wabaski wenyewe walizijaza kumbi. Filamu iliyowasema wao ndiyo waliyoikimbilia.

Wikendi ya pili

Watu wa biashara ya sinema wana kanuni moja: filamu hufunguka kwa kishindo na kushuka. Wikendi ya pili huuza pungufu kuliko ya kwanza, ya tatu pungufu zaidi, kisha inaondolewa.

*Ocho apellidos vascos* iliuza zaidi wikendi ya pili kuliko ya kwanza. Hakuna tangazo linaloweza kufanya hivyo. Huo ni mdomo wa shangazi aliyetoka ukumbini akampigia dada yake simu, na dada akamchukua mama yao ambaye hajakanyaga sinema kwa miaka kumi.

Wiki mbili baada ya kutoka, zikaja siku tatu za Fiesta del Cine. Ulikuwa mpango wa wenye kumbi, wasambazaji na watayarishaji wenyewe: ukijiandikisha kwenye intaneti, ulipata tiketi kwa euro 2.90, filamu yoyote, ukumbi wowote ulioshiriki. Oktoba 2013 mpango huo ulikuwa umewatoa nyumbani watu zaidi ya milioni 1.5 kwa siku tatu. Awamu ya masika ya mwaka 2014 ilianza Jumatatu tarehe 31 Machi.

Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa sinema. Katika majira ya kawaida mwenye ukumbi huwasha mashine kwa ajili ya watu wanane. Siku zile foleni zilizunguka majengo, wastaafu na wanafunzi, kila mmoja na karatasi yake ya kujiandikisha mkononi, wengine wakirudishwa kwa kuwa viti vimejaa, kisha wakiingia filamu nyingine yoyote iliyobaki. Oktoba ya mwaka huohuo, mpango uliporudi, idadi ya watazamaji ilikaribia milioni 2.2.

Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa ya mwaka 2014, kuliko hata rekodi yenyewe. Wahispania hawakuwa wameichoka sinema, bei ndiyo iliyowashinda. Anayelipa euro 2.90 Jumatatu usiku, akasimama kwenye foleni saa nzima, si mtu aliyepoteza mapenzi.

Wenye kumbi walikuwa na jibu lao, na lilikuwa la haki: kwa bei ile, kila siku, wasingeishi. Kodi peke yake ilichukua senti 50 kati ya zile euro 2 na senti 90. Baada ya kugawana na msambazaji, mwenye ukumbi alibaki na euro moja na senti 20 hivi. Sherehe ya siku tatu ilibebeka. Mwaka mzima, mlango ungefungwa.

Nani alilipia

Nyuma ya filamu ile kulikuwa na Telecinco Cinema, tawi la filamu la kampuni ya televisheni ya Mediaset España, pamoja na kampuni za LaZona na Kowalski. Televisheni haikuingia kwenye filamu kwa hisani. Sheria ya Hispania ilizitaka televisheni binafsi kuwekeza asilimia 5 ya mapato yao katika filamu na tamthilia za Ulaya. Kampuni hizo ziliipinga sheria hiyo kwa miaka, hadi mahakamani, zikisema hakuna biashara nyingine inayolazimishwa kununua bidhaa ya mwenzake.

Zilipogundua kwamba fedha lazima itoke, ziliamua itoke kwa faida. Zikaanza kutengeneza filamu chache, kubwa, na kuzitangaza kwenye vituo vyao usiku na mchana. Telecinco ilikuwa nyuma ya *Ocho apellidos vascos* na *El Niño*. Washindani wao wa Atresmedia walikuwa nyuma ya *La isla mínima*.

Naona sheria ile ilikuwa nzuri, na mwaka 2014 ni ushahidi wake. Lakini iliacha mlango mwembamba. Filamu iliyopendwa na moja ya kampuni hizi mbili ilijulikana na kila mtoto nchini. Isiyopendwa, hata ikiwa njema kiasi gani, ilitoka Ijumaa na kuondoka Alhamisi iliyofuata.

Upande wa serikali, mfuko wa kulinda sinema ulikuwa umepunguzwa hadi chini ya euro milioni 35 mwaka 2014. Fanya hesabu ndogo. Ndani ya euro milioni 55 za *Ocho apellidos vascos*, kodi ya asilimia 21 ni zaidi ya euro milioni 9. Filamu moja ya kuchekesha iliirudishia hazina zaidi ya robo ya mfuko wote ambao watu wa filamu walikuwa wakisimangwa kwa kuula.

Bahari na mabwawa

Masika yalipokwisha, wengi walitarajia mambo yarudi yalivyokuwa. Hayakurudi.

Tarehe 29 Agosti ilitoka *El Niño* ya Daniel Monzón, hadithi ya vijana wanaovusha bangi kwa boti za kasi kutoka Moroko na polisi wanaowafukuza kwa helikopta. Mahali pake ni Mlango-Bahari wa Gibraltar, ambapo Ulaya na Afrika zinatazamana kwa kilomita 14 tu za maji. Kijana aliyebeba jina la filamu, Jesús Castro, hakuwa mwigizaji. Aliokotwa kwenye usaili kutoka mkoa huohuo wa Cádiz. Filamu iliingiza takriban euro milioni 16.

Mwezi mmoja baadaye ikaja ile ninayoipenda kuliko zote za mwaka ule, *La isla mínima* ya Alberto Rodríguez. Inafunguka kwa picha zilizopigwa kutoka angani juu ya mabwawa ya mto Guadalquivir. Maji yamejikunja ndani ya udongo, mifereji imegawanyika na kugawanyika tena, rangi ni za kijani na shaba. Kwa sekunde kadhaa hujui kama unatazama ardhi au ubongo wa binadamu. Msingi wake ni picha za Héctor Garrido, aliyeipiga picha ardhi ya Doñana kutoka juu kwa miaka.

Kisha kamera inashuka. Ni mwaka 1980, Franco amekufa miaka mitano tu iliyopita. Polisi wawili kutoka Madrid wametumwa kijijini kutafuta mabinti wawili waliopotea. Mmoja anaiamini Hispania mpya. Mwingine anacheka, anakunywa, ana huruma kwa watu maskini, na polepole unatambua alikuwa akifanya kazi gani wakati wa udikteta. Javier Gutiérrez anamcheza mtu huyo kwa namna ambayo unampenda kabla hujajua, na ukishajua huwezi kulifuta penzi hilo kirahisi.

Oktoba ilileta *Torrente 5* ya Santiago Segura, iliyoingiza zaidi ya milioni 10, na *Relatos salvajes* ya Mwajentina Damián Szifron, iliyotayarishwa kwa ushirika na kampuni ya ndugu wawili Almodóvar. Novemba zikaja katuni za Mortadelo na Filemón, wapelelezi wa vitabu ambavyo kila Mhispania wa rika fulani alivisoma chini ya dawati shuleni.

Mwaka ulipofungwa, filamu za Hispania zilikuwa na zaidi ya euro milioni 120 na robo ya soko lote.

Tazama ramani ya filamu hizo. Sevilla na pwani ya Wabaski. Gibraltar. Mabwawa ya Guadalquivir. Karibu hakuna sebule ya Madrid. Watu walikwenda kutazama mahali penye udongo wake, lafudhi yake na hofu zake.

Waliobaki nje

Sasa upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2014 Hispania ilitengeneza filamu ndefu zaidi ya 200. Ukiondoa tano au sita za juu, nyingine zote ziligawana kilichobaki, na nyingi hazikufikisha hata watazamaji elfu chache.

Carlos Vermut alitengeneza *Magical Girl*, hadithi ya baba asiye na kazi anayetaka kumtimizia binti yake mgonjwa ndoto ya gauni la katuni za Kijapani, na jinsi tamaa hiyo njema inavyowaangamiza watu. Ilishinda Kombe la Dhahabu kwenye tamasha la San Sebastián. Carlos Marques-Marcet alitengeneza *10.000 km*, wapenzi wawili tu, mmoja Barcelona, mwingine Los Angeles, na kompyuta katikati yao. Fedha za filamu hizi huwezi kuziona kwenye chati ile yenye milioni 55 juu yake.

Walioteseka zaidi walikuwa wale wa kati, waliokuwa wakiwaletea Wahispania sinema ya dunia. Alta Films, msambazaji mkongwe na mmiliki wa kumbi za Renoir, iliporomoka Aprili 2013. Mwenye kampuni, Enrique González Macho, ndiye aliyekuwa rais wa Akademia ya Filamu. Yeye aliyesimama jukwaani kuitetea sinema mbele ya serikali alikuwa akifunga kumbi zake mwenyewe.

Moja ya kumbi za Renoir ilikuwa Palma, kisiwani Mallorca, ndani ya majengo yaliyokuwa machinjio ya mji. Ilipofungwa mwaka 2012, watazamaji wake walikataa kwenda nyumbani. Waliunda chama, wakalipa ada ya uanachama, wakachukua funguo na kuifungua tena kwa jina la CineCiutat, ikiendeshwa na haohao wanaokaa kwenye viti. Mwaka 2014, nchi ikishangilia rekodi, wao walikuwa wakihesabu ada ili walipe umeme.

Swali ambalo watu wa namna hii waliwauliza wenzao wakati wa shangwe bado lina maana. Ukiondoa *Ocho apellidos vascos* kwenye hesabu ya mwaka 2014, inabaki milioni 65 au 70 hivi, kiasi kilekile cha mwaka mbaya wa 2013. Je, sinema ya Hispania ilipona, au ilishinda bahati nasibu?

> Ukiiondoa filamu moja, mwaka wa rekodi unafanana na mwaka mbaya uliotangulia

Nimeifikiria hesabu hiyo kwa muda mrefu, na naamini inadanganya kidogo. Wengi waliokata tiketi ya Rafa mwezi Machi walikuwa ni watu waliokwisha sahau njia ya ukumbini. Baadhi yao ndio waliorudi Septemba kutazama mabwawa ya Guadalquivir. Filamu moja kubwa huzifungulia nyingine mlango, mradi nyingine ziwepo, ziwe na kumbi, na bei iwe ya mtu wa kawaida.

Usiku wa Goya

Tarehe 7 Februari 2015 Dani Rovira ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa tuzo za Goya. Miezi kumi na mmoja kabla, watu walimjua kama mchekeshaji wa jukwaani kutoka Málaga. Usiku huo alipokea tuzo ya mwigizaji mpya, na Elejalde na Machi wakapata za waigizaji wasaidizi. Filamu yao haikuwamo katika tano zilizoshindania tuzo ya filamu bora. Wanachama wa Akademia waliipa *La isla mínima* tuzo 10.

Wert safari hii alikuwepo. Mwongozaji Pedro Almodóvar alipopanda kumkabidhi mwigizaji Antonio Banderas tuzo ya heshima, aliwasalimu marafiki wa utamaduni na sinema ya Hispania, kisha akamwambia waziri kwamba yeye hayumo katika salamu hiyo.

Kodi ilibaki palepale. Novemba 2015 akina Koldo walirudi katika *Ocho apellidos catalanes*, ambayo iliingiza zaidi ya euro milioni 30 kabla mwaka haujakwisha, huku sehemu ya filamu za nyumbani sokoni ikishuka hadi karibu asilimia 19. Mwaka 2017 kodi ya maigizo na matamasha ilirudishwa kwenye asilimia 10, sinema ikaachwa nje. Tiketi ya filamu ilingoja hadi Julai 2018, kwa bajeti ambayo Montoro mwenyewe aliiandaa na ambayo ilianza kutumika yeye akiwa amekwisha kuondoka madarakani.

Kati ya zile filamu tano zilizoshindania tuzo kubwa usiku ule wa 2015, moja ilikuwa *Loreak*, yaani maua, ya Jon Garaño na Jose Mari Goenaga. Inamhusu mwanamke anayeanza kuletewa maua kila wiki na mtu asiyemjua. Ilichezwa yote kwa Kibaski, na ilikuwa ya kwanza katika lugha hiyo kufika kwenye orodha ile. Ilitoka tarehe 31 Oktoba 2014, wachache wakaiona, na haikupata tuzo hata moja.

Kundi lake halikutawanyika. Februari 2018 Garaño na Aitor Arregi walirudi na *Handia*, hadithi ya mtu mrefu mno wa kijiji cha Altzo katika karne ya 19, Goenaga akiwa mmoja wa waandishi wake. Nayo ni ya Kibaski, na ilichukua tuzo 10 za Goya, sawa na *La isla mínima*. Garaño, Arregi, Goenaga: majina hayo yalisomwa jukwaani Madrid, na ukumbi ukayapigia makofi.